Vijiko Vinane

Saa nne kasorobo asubuhi, sakafu ya wodi ya watoto ikiwa bado haijakauka, Sisimizi alikalia ndoo aliyoipindua, akaishika simu kubwa ya wodi kwa mikono miwili kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa watu.

Sisimizi lilikuwa jina la kazini. La nyumbani alikuwa nalo, tena zuri, lakini siku yake ya kwanza alionekana anakatiza ukumbini na godoro kichwani, godoro limemmeza mpaka kiunoni, imebaki miguu tu inatembea. Sista Saa akauliza, "Huyo sisimizi mnampeleka wapi na mzigo huo?" Basi. Jina likaganda kama uji uliosahauliwa sufuriani.

Huyo Sista Saa ndiye muuguzi mkuu wa kituo cha afya, na jina lake naye hakuliokota barabarani. Hakuna aliyewahi kumwona amechelewa, na hakuna aliyewahi kuchelewa akamwona anatabasamu. Asubuhi hiyo hakuwepo. Alikuwa ameondoka saa mbili kamili kwenda mkutanoni wilayani, sare yake imepigwa pasi mpaka ilikuwa karibu isimame yenyewe. Walikuwa wamemwita wampongeze kwa ajili ya somo la tisa.

Masomo yenyewe yalikuwa ya video, na yalikaa kwenye wingu. Miezi mitatu nyuma alikuja fundi wa kompyuta, kijana mwenye mkoba mgongoni, akawakusanya wote, waganga kwa wafagiaji, akawaambia, "Fikirieni kabati. Kabati moja, liko mbali, hata mimi sijui liko wapi. Lina milango kumi na miwili, kila kituo na mlango wake. Mkiweka somo kwa mlango wenu, wenzenu wakifungua wa kwao wanalikuta. Ndilo wingu hilo."

"Na mvua ikinyesha?" aliuliza Kaka Glavu, muuguzi wa zamu, ambaye aliitwa hivyo kwa sababu hata chai aliinywa na glavu mkononi.

Watu walicheka. Fundi naye alicheka, kisha akasema, "Ikinyesha, kaka, inanyesha kwa wote. Ndiyo maana nawasihi msiguse msichokijua. Ukifuta hapa umefuta kote. Ukikosea hapa umekosea kote."

Maneno hayo Sisimizi aliyaweka moyoni, akayafunika. Tangu siku ile, kila aliposhika simu ya wodi, hata pumzi alikuwa anaipunguza. Na kwa kweli hakuwa na mengi ya kugusa. Ufunguo wa kuweka na kutoa masomo alikuwa nao Sista Saa peke yake. Wengine waliruhusiwa kutazama tu. Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo kila mtu aliweza kuandika, nalo ni daftari la mahudhurio. Humo, kila aliyemaliza somo aliandika jina, namba ya kituo, simu yake, na maoni kama anayo. Mtu akiingia daftarini, kisanduku chenye rangi kilimulika kwenye mstari wake, mahali pengine nyekundu, pengine kijani, kama tochi ya mtu usiyemwona sura.

Kazi ya Sisimizi ilikuwa kuhesabu. Kila asubuhi, akishadeki, afungue daftari, ahesabu wangapi wametazama somo, aandike kwenye karatasi ya ukutani. Darasa la saba alilimaliza, kusoma na kuhesabu hakumtishi. Sista alimpa kazi ile kwa sababu, alisema, "Wengine wanahesabu huku wanapiga umbeya. Wewe umbeya wako uko machoni."

Somo la tisa lilikuwa la maziwa ya tiba, yale ya watoto waliokonda mpaka mbavu zinahesabika. Miaka yote maziwa hayo yalitolewa hapa kituoni tu. Akina mama walitembea kutwa nzima na watoto mgongoni kuyafuata. Jumatatu ya wiki hii ndiyo mara ya kwanza makopo yalipelekwa kwenye zahanati zote kumi na moja. Watu wa huko hawakuwahi kuyachanganya hata siku moja. Wilaya ikawaandikia kwamba wafuate somo la kituo kikuu, neno kwa neno, na wasibuni lao.

Sisimizi alishuka na kidole. Namba mbili, wawili. Namba nne, mmoja. Namba saba, mmoja, tena huyu ameandika maoni marefu. Akasoma polepole, midomo ikimcheza.

"Tangu tuanze juzi, watoto watatu wote wanaharisha maji. Mmoja amelegea tangu alfajiri. Tunafuata somo sawasawa. Kopo jipya, kijiko chekundu, vijiko vinane, maji mpaka mia moja. Naomba msaada. Tabibu."

Akasoma tena. Macho yakakwama kwenye neno moja.

Chekundu.

Miaka miwili hakulisikia neno hilo likiambatana na kijiko, maana makopo ya kituo yalikuja bila vijiko, nao walikuwa na chekundu kimoja tu. Aliinua uso akatazama meza ya maziwa pale kona ya wodi. Kopo lilikuwepo, na kikombe cha vipimo, na kijiko chao kimelala juu ya kitambaa safi. Kijiko kidogo, cheupe.

Mwezi wake wa pili kazini ndipo alipokitupa kile chekundu. Alichukua makopo matupu, akayapeleka shimo la taka, akayatia moto, asijue kuwa kijiko kilibaki ndani ya kopo moja. Aliporudi, Sista alikuwa anakitafuta. Sisimizi alipiga magoti pale pale sakafuni akijua amefukuzwa. Mama yake ndiye aliyemwendea Sista kumwombea kazi, akamwambia mwanawe, "Kazi ya ufagio nayo ni kazi, ishike kwa mikono miwili na meno." Na yeye hata miezi miwili hajafika.

Sista hakumgombeza. Alifungua droo, akatoa kijiko cheupe, kile kinachokuja na chupa ya dawa ya kikohozi. Akapeleka unga kwenye mizani, akapima, akapima tena. "Viwili vya hiki ni kimoja cha kile," alisema. "Pale walipokuwa wanasema vinne, sisi tutasema vinane. Na hili litabaki hapa, umenisikia? Nikiandika barua ya kijiko, wataanza kuuliza nani kachoma." Hivyo ndivyo mtu alivyomfunika mwenzake. Kesho yake wakasema vinane, na kesho kutwa, na mwaka ukaisha, na vinane ikawa ndiyo kweli yenyewe. Hata Sista, siku ya kurekodi somo, alipofungua kinywa, ilitoka yenyewe. Vijiko vinane, maji mpaka mia.

Na mikono iliyoonekana kwenye somo haikuwa ya Sista. Sista alikuwa ameshika simu ya kurekodia na kusema. Mikono ilikuwa ya Sisimizi. Kwa sheria, mhudumu haruhusiwi kuchanganya maziwa ya tiba, lakini kituo chenye wauguzi wawili na wagonjwa kama siafu kina sheria zake. "Mikono tu ndiyo itaonekana," Sista alimwambia. "Mikono haina cheo."

Sisimizi alihesabu kwa vidole. Viwili vyetu ni kimoja chao. Vinane vyao ni kumi na sita vyetu. Wamepewa mara mbili. Watoto ambao matumbo yao ni kama karatasi iliyolowa.

Saa ya ukutani ilisema saa nne na dakika tano. Maziwa hutolewa kila baada ya saa tatu. Saa tatu walishapewa. Yanayofuata ni saa sita.

Alisimama, ndoo ikabiringika. Akampigia Sista. Simu imezimwa. Akapiga tena, ingawa alijua. Mkutanoni Sista huzima simu kabla hata ya sala ya kufungulia.

Alikimbia ukumbini mpaka mlango wa chumba cha kujifungulia, akagonga.

"Nani?"

"Mimi, kaka. Kuna jambo. Maziwa, kule zahanati…"

"Sisimizi! Kichwa kinatoka hapa!"

"Wanaweka mara mbili, kaka. Kijiko chao ni kikubwa."

"Sukuma, mama, sukuma, hivyo hivyo, usipige kelele, sukuma. Sisimizi, mambo ya somo ni ya Sista. Msubiri arudi."

"Anarudi saa nane. Saa sita wanapewa tena."

Ndani mama alilia kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. Kaka Glavu akapaza sauti juu ya kilio. "Usiguse kitu! Umesikia alivyosema yule fundi? Usije ukatuharibia kote. Na ukisema kijiko, watauliza nani anachanganya hapa. Utasema nani? Mimi sijakutuma."

Akarudi wodini. Akina mama watano walimtazama kutoka vitandani, kila mmoja na mtoto wake. Mmoja, bibi aliyekuja na mjukuu, akamwambia, "Mwanangu, mbona umepauka? Umeona nyoka?"

"Hapana, bibi."

"Basi kama si nyoka kaa chini, unatutia wasiwasi."

Hakukaa. Akili yake ilikuwa inamwendea mbio kama panya kwenye dari. Masomo hawezi kuyatoa, ufunguo hana. Namba za wilaya hana. Ana nini? Akalitazama lile daftari. Jina, kituo, simu. Simu! Kila aliyetazama somo aliandika namba yake kwa mkono wake.

Akatoa simu yake ndogo mfukoni, ile yenye kioo kilichopasuka, akabonyeza namba ya tabibu wa zahanati namba saba.

"Haloo."

"Shikamoo, daktari. Napiga kutoka kituo kikuu. Kuhusu maziwa."

"Afadhali! Tangu asubuhi nimeandika, kimya kama makaburini. Wewe ni muuguzi?"

Hapo palikuwa na neno moja dogo la kusema. Ndiyo. Lingepita laini kama sindano kwenye hariri.

"Mimi ni mhudumu wa wodi."

"Mhudumu." Kimya kidogo. "Nipe Sista."

"Hayupo, daktari, simu yake imezimwa. Lakini sikiliza, vile vijiko…"

"Dada yangu, nina watoto watatu hapa, mmoja macho yamezama. Sina nafasi ya kuongea na mfagiaji. Sista akirudi anipigie."

Akakata.

Sisimizi alibaki na simu sikioni, akisikiliza pale ambapo hakuna mtu. Kuitwa mfagiaji hakukumuuma, ndivyo alivyo. Kilichomuuma ni ile saa ukutani. Saa nne na robo. Akapiga tena. Ikaita, ikaita, ikapokelewa.

"Nimesema…"

"Kijiko kwenye somo ni cha rangi gani?"

"Nini?"

"Umelitazama somo. Kijiko ni cha rangi gani?"

"Sikuangalia rangi. Nilisikiliza idadi."

"Ni cheupe. Ni kile cha dawa ya kikohozi. Hata nyinyi mnacho, kila chupa inakuja nacho. Naomba ukichukue."

"Unanifundisha kazi yangu?"

"Hapana, daktari. Naomba ukichukue tu, ukiona ni upuuzi nitukane."

Akasikia pumzi ikitoka puani. Akasikia droo ikivutwa, vitu vikigongana. Nyuma ya hapo palikuwa na mtoto analia. Hakuwa analia kwa nguvu. Ilikuwa ile sauti nyembamba ya mlango usiotiwa mafuta, na Sisimizi, aliyekaa na watoto wa namna hiyo miaka miwili, aliijua.

"Ninacho."

"Jaza chekundu unga wa maziwa. Kisawazishe. Sasa mimina kwenye cheupe."

Akasikia kijiko kikigongana na kijiko.

"Kimejaa," alisema tabibu.

"Na kwenye chekundu kimebaki kitu?"

"Nusu."

"Sisi tunatumia cheupe. Vinane vyetu ni vinne vyako. Na kopo nalo ligeuze. Kwa nyuma kuna picha ndogo, chini kabisa."

"Imeandikwa lugha ya watu."

"Picha haina lugha. Kijiko kimoja, na namba ya maji."

Alisikia kopo likizungushwa juu ya meza. Kisha akasikia tabibu akisoma kama mtoto wa darasa la kwanza. "Kijiko kimoja… ishirini na tano. Mara nne, mia." Sauti ikashuka. "Mungu wangu. Ilikuwa hapa siku zote."

"Mliambiwa mfuate somo."

"Na somo kalitengeneza nani? Mikono ya nani hii inapima kwa kijiko cha kikohozi kisha inatufundisha sisi?"

Sisimizi alifumba macho. "Tazama dole gumba la kulia. Lina kovu la pasi, limekaa kama jani. Mikono ni yangu, daktari. Na kijiko chekundu nilikichoma mimi."

Alingoja matusi. Hayakuja. Alisikia tabibu akigeuka, akiita kwa sauti ya kupasua, "Nesi! Hayo ya saa sita uliyochanganya, yamwage! Yote! Usiniulize, mwaga!" Kisha akarudi kwenye simu. "Wenzangu wengine wanajua?"

"Bado. Ndiyo naanza."

"Sasa unakaa kuongea na mimi wa nini?" Akakata.

Akaanza. Namba mbili alipokea mama mmoja mpole, akashukuru, akasema huko hawajafungua hata kopo. Namba tatu alimpimisha kijiko kwa kijiko kama alivyompimisha tabibu. Namba tano akasema, "Wewe dada, nawajua nyinyi. Sasa hivi utaniomba namba ya siri," akakata, na Sisimizi akampigia mara nne mpaka akasema, "Kaa na namba yako ya siri, mimi nataka namba ya vijiko!" Hapo yule akacheka, na alipocheka akasikiliza. Namba nane walikuwa na mtoto mmoja tu, ameharisha. Namba tisa wawili. Kila aliyepokea alimuuliza wewe ni nani, na kila mara alisema mhudumu, na kila mara kulikuwa na kile kimya kifupi, kama mtu anayejikwaa.

Ilipotimu saa sita kasoro dakika kumi na tano alikuwa amebakiwa na mmoja. Namba kumi na moja. Muuguzi wa huko alikuwa ameandika jina na simu wiki iliyopita, kwenye masomo ya nyuma, lakini la tisa alikuwa hajalisaini. Simu yake iliita mpaka ikakatika. Tena. Tena. Mara ya sita ile sauti ya mashine ikamwambia hapatikani.

Huenda hata hawajaanza. Hilo alijiambia. Huenda wanaanza leo. Hilo nalo alijiambia, ingawa hakulitaka.

Palibaki daftari.

Kusema kwa simu ni jambo moja. Maneno yanapita, kesho mtu anaweza kuyakana. Lakini daftari lina milango kumi na miwili, na wilaya nayo hulisoma. Akiandika humo, hata Kaka Glavu atasoma, hata mkubwa wa Sista atasoma, na Sista aliyemfunika atafunuliwa mbele ya watu waliompigia makofi asubuhi hiyo hiyo. Mkataba wa Sisimizi ulikuwa unakwisha mwezi ujao. Aliyeutia sahihi ni Sista.

Saa sita kasoro dakika nane, kisanduku cha kijani kilimulika kwenye mstari wa kumi na moja.

Sisimizi aliinama mpaka pua ikagusa kioo. Kuna mtu. Huko mbali kuna mtu, sasa hivi, ameingia daftarini. Herufi zilianza kujitokeza moja moja mbele ya macho yake. Jina. Namba ya kituo. "Somo la 9, nimetazama." Mtu huyo ametoka kutazama somo. Ametazama mikono yake. Anasaini, kisha ataweka simu chini, atanawa, atafungua kopo.

Akagusa. Kwenye nafasi ya maoni, kando ya kile kisanduku cha kijani, akaandika:

USIMPE MTOTO MAZIWA

Herufi za upande wa pili zilisimama. Kisanduku kilikaa kimya, kikipepesa. Kisha:

nani

"mhudumu wodi ya watoto kituo kikuu kijiko chekundu ni vinne sio vinane"

somo linasema vinane

"somo limekosea"

somo ni la sista

Dakika tano. Akina mama wa wodini walishaanza kuamka kutoka vitandani na vikombe vyao, kwa mazoea. Bibi wa mjukuu akasema, "Sisimizi, saa yetu imefika." Hakumsikia. Aliandika kama mtu anayezima moto kwa kiganja, bila nukta, bila herufi kubwa.

"mikono kwenye somo ni yangu dole gumba lina kovu kijiko cha kopo nilikichoma mimi miaka miwili iliyopita tunatumia cha dawa ya kikohozi ni nusu ya chako geuza kopo nyuma chini kuna picha kijiko kimoja maji ishirini na tano namba saba watoto watatu wanaharisha usimpe nakuomba"

Kisanduku cha kijani kilipepesa mara moja. Kikatoweka.

Akakitazama pale kilipokuwa. Mtu anapoondoka, amekwenda kugeuza kopo, au amekwenda kulifungua? Wingu halisemi. Saa sita ikagonga, kwa sababu saa ile Sista aliinunua ya kugonga makusudi. Bibi akamshika bega. "Mwanangu, watoto."

Aliamka akanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Akafungua kopo. Kijiko cheupe, kimoja, viwili, vitatu, huku jicho moja liko kwenye simu iliyoegemea ukuta. Kwa mara ya kwanza katika miaka miwili alihesabu kwa sauti. Akafika sita, akasahau, akamwaga, akaanza upya. Alipomaliza kikombe cha tano, kijani kilirudi.

Neno moja lilijiandika.

nimemwaga

Sisimizi aliketi chini kwenye sakafu, mgongo ukutani, akalia bila sauti, na bibi akamfunika kwa khanga yake bila kuuliza.

Kaka Glavu alipotoka, glavu zimelowa, alikuwa anatangaza, "Mtoto wa kike, kilo tatu na robo, sauti kama king'ora!" Kisha akaona simu, akasoma, uso ukamshuka.

"Umegusa?"

"Nimegusa."

"Kote?"

"Kote."

Alivua glavu. Wengi walisema baadaye kuwa hiyo ndiyo siku walipoiona mikono yake.

Sista Saa aliingia saa nane kamili. Alikuwa ameshawasha simu njiani, hilo lilionekana kwenye mwendo wake. Mkononi alikuwa na cheti kilichofungwa kwa utepe. Akakiweka juu ya meza ya maziwa, kando ya kijiko.

"Nilikwambia lile jambo litabaki hapa."

"Ulisema, Sista."

"Mkuu wa wilaya ameniuliza mbele ya watu. Mikono ya nani. Mbele ya watu, Sisimizi. Kwa nini hukunisubiri?"

"Ningekusubiri, Sista. Saa sita ndiyo isingesubiri."

Sista akaivuta ile ndoo, akaipindua, akaikalia, sare na pasi yake yote. Akatazama kijiko cheupe.

"Nilikipima mwenyewe," alisema. "Kwa mizani. Nilikuwa na hakika. Hapa nilikuwa sahihi, unajua? Hapa, kila siku, nilikuwa sahihi." Akajifuta uso kwa kiganja. "Walinipigia makofi wamesimama."

Akanyoosha mkono, akapewa simu ya wodi. Akaingia kwa ufunguo wake, akalitafuta somo la tisa. Akabonyeza. Likatoweka, hapa na kote. Kisha akafungua daftari, akausoma mstari wa Sisimizi kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Hata nukta moja hukuweka," alisema.

"Sikuwa na muda, Sista."

Sista akaandika chini yake, taratibu, kwa herufi kubwa pale zinapotakiwa: "Ni kweli. Kijiko kilipopotea sikutoa taarifa. Nilibadili idadi, nikasahau kuwa nimeibadili. Aliyechanganya alifuata amri yangu." Akaweka jina lake kamili na cheo. Akaweka nukta.

"Kesho wilaya wanakuja," alisema. "Watakuuliza."

"Nitawaambia."

"Kazi yako sijui, mwanangu. Na yangu sijui."

Saa tisa ilipogonga, Sista mwenyewe alinawa, akavaa aproni, akachanganya maziwa. Sisimizi alisimama kando na ufagio wake, na Sista alipofika kijiko cha saba alisita, akamtazama. Sisimizi akatikisa kichwa kidogo kumwambia bado kimoja.

Ilikuwa inakaribia saa kumi na moja simu ya wodi ilipolia. Daftarini, mstari wa saba, kisanduku chekundu. Sista alikuwa karibu zaidi, akasoma kwanza, akakaa nayo tu.

"Nini, Sista?" Sisimizi aliuliza. "Yule aliyelegea?"

Sista akamgeuzia kioo. Tabibu alikuwa ameandika maneno mawili, hakuongeza hata salamu.

"Amekojoa. Mwingi."

"Maji yamerudi mwilini!" Kaka Glavu, mlangoni, akapiga kelele kama mtu aliyefunga goli. Akina mama wakaulizana kuna nini, na bibi, alipoambiwa, akasema ameishi miaka sabini na hajawahi kuona watu wazima watatu wanalia kwa ajili ya mkojo wa mtoto asiye wao.